Cheti kinachooza na cheti cha maisha

Juzi mama mmoja wa mtaani kwetu Langoni, hapa Lamu, alinisimamisha pale Mkunguni. Mwanawe amemaliza shule, anapenda kompyuta. "Mwanangu, wananiambia achukue hicho cha chuo kikuu cha kwenye intaneti. Cha Cisco chaoza baada ya miaka mitatu, cha chuo ni cha maisha." Sikumjibu vizuri. Nilikuwa na kebo begani na mwenye nyumba ananingoja. Lakini maneno hayo hayo nimeyasikia kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa meneja wa hoteli aliyekuwa anatafuta mtu wa kumwajiri. Nimechoka kuyasikia, leo nayajibu.

Ni kweli, CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, hudumu miaka 3. Security+, cha usalama wa kompyuta kutoka CompTIA, ni hivyo hivyo, na MTCNA ya MikroTik, watengeneza ruta, pia. A+, cha ufundi wa kompyuta cha CompTIA hao hao, ilikuwa ya maisha mpaka mwisho wa 2010; walioifanya tangu 2011 lazima wahuishe. Kwa nini? Aliyefanya mtihani mwaka 2016 alifundishwa kuitegemea WPA2, ulinzi wa Wi-Fi. Mwaka 2017 ikajulikana KRACK, udhaifu ulio ndani ya WPA2 yenyewe, na 2018 ikaja WPA3. Karatasi ya maisha ingeendelea kumshuhudia kwa ulinzi uliokwisha kupitwa. Tarehe ya cheti kuisha ni mpaka wa ushahidi wa mtahini. Ujuzi wako wewe hauna habari nayo.

Tena si kila kitu kinachakaa, na hapa hata mafundi wenzangu huniudhi wanapodharau chuo. IPv4, kanuni ya anwani za mtandao, iliandikwa mwaka 1981; CIDR, njia ya kuzigawa anwani hizo, ni ya 1993. Hesabu ya /26, yaani kuugawa mtandao vipande vya anwani 64, ninayoifanya leo kwenye nyumba ya wageni Shela ni ile ile. Kwa nini pakiti hupotea njiani, mfumo endeshi hugawaje kumbukumbu, hayo chuo kizuri huyafundisha kuliko kitabu chochote cha kujiandaa na mtihani wa kampuni, na hayaozi. Ila kinachodumu hapo ni somo lililoingia kichwani. Karatasi ni jambo jingine.

Kwa hiyo nikiletewa cheti chenye nembo ya chuo kikuu, nembo naisoma mwisho. Kwanza nauliza: ulipotahiniwa, nani alikusimamia? Vyeti vingi vya Coursera na edX, tovuti za masomo ya vyuo zilizoanza zote 2012, hupatikana kwa maswali mafupi unayoyajibu nyumbani peke yako na kuyarudia ukikosea. Havikufanyi mwanafunzi wa chuo hicho, na vingi havihesabiwi popote kwenye shahada. Vingine ni vizito. MicroMasters ya MIT ya ugavi, mfululizo wa masomo ya ngazi ya uzamili, ina mitihani inayosimamiwa, na ukikubaliwa shahada ya uzamili masomo yake yanahesabiwa. CS50 ya Harvard, somo la utangulizi wa kompyuta, haina msimamizi, lakini programu unaziandika wewe na zinatoa jasho. Aliyeimaliza kwa akili yake namheshimu. Watu wamevifunika vyote hivi kwa shuka moja, "cha chuo kikuu", na mzazi analipa bila kujua kilicho ndani.

Mtihani wa CCNA ni dakika 120, kitambulisho, msimamizi na dola 300. Ukianguka, unalipa tena.

Hata hivyo siuamini sana mtihani huo. Nimefanya kazi na kijana mwenye CCNA halali, aliyekariri maswali yaliyovuja. DHCP, inayogawa anwani kwa vifaa, ilipogoma alikaa saa nzima mbele ya swichi bila kujua aanzie wapi. Nami mtihani huo haukunifundisha kuwa ukuta wa mawe ya matumbawe unameza Wi-Fi ya 5 GHz chumba hadi chumba, wala jinsi chumvi ya bahari inavyokula vichwa vya kebo, RJ45. Na kuhuisha kunaziingizia kampuni pesa, siwezi kudai tarehe iliwekwa kwa ajili ya elimu tu. Cheti changu nimekihuisha mara 2. Mara ya pili nilijifunza kidogo kuliko nilivyolipa, na ya tatu bado sijaamua.

Kazi za serikali: soma tangazo. Likidai diploma au shahada, cheti cha kampuni hakizibi pengo hilo, wala cha Coursera.

Jana nimekwenda barazani kwa yule mama. Nimemwambia asilipe kitu kwa sasa. Kijana aanze CS50, ni bure, na ajifunze kwa Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao, ambayo Cisco huitoa bure pia. Siku atakayogawa mtandao kwa kalamu na karatasi mbele yangu, ndipo tutazungumza habari ya dola 300. Jumamosi anakuja nami Shela kuvuta kebo kwenye nyumba ya ghorofa mbili. Aje alfajiri, kabla jua halijaikamata dari.