Je, wajua kwa nini magadi yanayolainisha maharage hukaza tambi za rameni?

Anayekula rameni, yaani tambi za Kijapani ndani ya supu, kwa mara ya kwanza huwa na hakika kwamba tambi zake zimekandwa kwa mayai. Zina umanjano, zinateleza, na ukiziuma zinakaza kidogo kabla ya kukatika. Wapo wapishi wanaotia yai kweli, lakini tambi huwa za rameni kwa sababu ya magadi.

Wajapani huyaita kansui. Ni mchanganyiko wa kaboneti ya sodiamu na kaboneti ya potasiamu, na kiasi chake hakizidi sana asilimia 1 ya uzito wa unga. Kaboneti ya sodiamu ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye magadi ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron. Ile ya potasiamu nayo si ngeni kwetu: imo kwenye maji ya majivu ambayo akina mama wa magharibi mwa Kenya huchuja ili kupikia mboga za kienyeji.

Sasa, kila mpishi wa makande anajua kwamba magadi ni ya kulainisha. Inakuwaje yakifika kwenye tambi yafanye kinyume?

Inategemea yamekutana na nini. Chembe za maharage zimeshikanishwa na pektini, na pektini huachia upesi ndani ya maji yenye magadi. Ndiyo maana maharage hupasuka na kuiva mapema. Nguvu ya unga wa ngano haiko kwenye pektini, iko kwenye gluteni, ile protini inayoufanya unga wa chapati uvutike. Magadi yakiingia, gluteni hushikana zaidi, na donge huwa gumu kiasi kwamba migahawa mingi hulisukuma kwa mashine. Rangi nayo hutoka humo humo ungani: ngano ina viambato visivyo na rangi ambavyo hugeuka njano vikiguswa na magadi. Aliyewahi kuzidisha magadi kwenye mandazi ameiona rangi hiyo.

Ufundi huu ulitoka China. Mwaka 1910 mgahawa wa Rairaiken ulifunguliwa Asakusa, Tokyo, ukiwa na wapishi Wachina waliotoka Yokohama, na kuanzia hapo rameni ikaenea Japani nzima, kila mji na namna yake. Tambi za Sapporo ni nene, za njano, zimejikunja. Za Hakata, katika jiji la Fukuoka, ni nyembamba, zimenyooka na zimepauka.

Hakata ndiko ninakopapenda zaidi, maana huko tambi ndizo zinazoendesha mgahawa. Ni chumba chembamba, viti vinane au kumi vimepangwa mbele ya kaunta, na mpishi yuko hatua moja kutoka kwako. Kwenye migahawa mingi unalipa mlangoni kwa mashine, unapewa tiketi, unaiweka kaunta. Swali unaloulizwa ni moja: tambi ziwe ngumu kiasi gani? Laini ni yawa, ngumu ni kata, na wasio na subira husema barikata, yaani ngumu zaidi. Mpishi huzitumbukiza kwenye chujio refu lililozama ndani ya maji yanayotokota, na kabla dakika haijaisha amelinyanyua, amelikung'uta kwa nguvu, tambi ziko bakulini.

Haraka hiyo ina sababu. Tambi za Hakata hukandwa kwa maji machache sana, hivyo zikiingia kwenye supu hunyonya bila kusita, na hapo hata magadi hayaziokoi kwa muda mrefu. Kwa hiyo hupakuliwa kidogo kidogo, ukimaliza unaagiza nyongeza, inayoitwa kaedama, kwa bei ndogo. Mtindo huo ulishika mizizi karibu na soko la samaki la Nagahama, ambako watu wa soko hawakuwa na muda wa kusubiri chakula. Ndiyo maana pia wateja huzifyonza kwa sauti bila aibu: hewa inayoingia pamoja nazo huzipoza na kupandisha harufu ya supu puani.

Supu ya Hakata ni ya mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi. Msafiri Mwislamu atafute migahawa ya halali, ambayo mara nyingi hutumia kuku. Tokyo ipo kadhaa. Na popote utakapokaa, ukitaka kaedama usimalize supu, kwa sababu mara nyingi tambi za pili huletwa kavu, bila supu yake.