Je, Wajua Telegramu ya Mapaja ya Nguruwe Ilifichaje Watu Sita?

Mwaka 1856 Joseph Bustill, aliyekuwa Harrisburg katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, alimpelekea William Still wa Philadelphia, mwenzake katika kuwasaidia watumwa watoro, telegramu fupi: nimetuma kupitia saa nane mapaja manne makubwa na mawili madogo. Karani wa telegrafu aliona biashara ya nyama. Still aliona watu wazima wanne na watoto wawili waliotoroka utumwani, nao wamo ndani ya treni.

Lakini siri kubwa haikuwa kwenye nyama. Rudia kuisoma: "kupitia", halafu hakuna jina la mahali. Lilionekana kosa la haraka, la kawaida kwenye telegramu. Kwa Still neno hilo lilikuwa na maana moja tu, kwamba abiria hawakupita njia ya kila siku bali wamezungushwa kwa reli ya mji wa Reading, na stesheni ya kushukia ni nyingine. Waliokuwa wakiwawinda walikwenda kuvizia stesheni ya siku zote. Still akawapokea wageni wake kwingine.

Mtandao huo wa Marekani wa kuwasaidia watumwa kukimbilia majimbo ya kaskazini na Kanada uliitwa Reli ya Chini kwa Chini, ingawa haukuwa na handaki wala mataruma. Lugha yake tu ndiyo ilikuwa ya reli: mwenye nyumba ya kuficha watu ni mkuu wa stesheni, anayewaongoza njiani ni kondakta, watoro ni abiria au mizigo, watoa fedha ni wenye hisa. Ilifaa kwa sababu miaka hiyo kila mtu alikuwa akizungumzia reli, na mfanyabiashara aliyeandika kuhusu mizigo hakumshtua yeyote.

Tahadhari iliongezeka baada ya sheria ya watumwa watoro ya mwaka 1850. Aliyemsaidia mtoro alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita, hata akiwa katika jimbo lisilo na utumwa. Na kamishna aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu kwa bwana wake, dola 5 akimwachia huru. Hesabu hiyo haihitaji maelezo.

Kwa hiyo watu wengi walijua stesheni inayofuata tu, basi. Aliyekamatwa na kubanwa hakuweza kutaja asichokijua. Hapakuwa na kitabu kimoja cha mafumbo kwa mtandao mzima. Wawili walipatana wenyewe, na mapatano ya Harrisburg na Philadelphia yasingemsaidia kitu mtu wa Indiana.

Shida ilikuwa kuwafikia walioko mashambani kusini. Majimbo kadhaa yalikataza kumfundisha mtumwa kusoma, na barua ya mtu mweusi aliye huru ingeweza kufunguliwa posta. Harriet Tubman, aliyetoroka Maryland mwaka 1849 na kurudi huko karibu mara 13 kuwachukua watu wapatao 70, hakujua kusoma wala kuandika. Desemba 1854 alitaka kuwatoa kaka zake watatu kabla ya mnada uliopangwa mara baada ya Krismasi. Akamwomba rafiki amwandikie Jacob Jackson, mtu huru aliyejua kusoma na aliyeishi karibu nao. Barua ikatiwa saini ya William Henry Jackson, kijana aliyelelewa na Jacob na ambaye wakati huo alikuwa kaskazini. Ilijaa salamu, na katikati ikasema: wasomee wazee, na uwaambie kaka zangu wakeshe katika sala, na jahazi jema la Sayuni likipita wawe tayari kupanda.

Watu wa posta waliifungua. Walijua William Henry hana wazazi wala kaka, hivyo wakanusa jambo, ila hawakuweza kulitegua. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hapa kukosa ujinga hakukutosha, ilibidi ujue nani kaka wa nani. Wakamwita Jacob. Akaisoma, akaelewa mara moja, akawarudishia akisema haiwezi kuwa yake, haina kichwa wala miguu. Kisha akawapasha habari kaka wale.

Siku ya Krismasi walijificha katika kibanda cha malisho karibu na nyumba ya wazazi wao. Baba yao, Ben Ross, aliwapelekea chakula bila kuwatazama, na walipoondoka aliwasindikiza akiwa amejifunga kitambaa machoni, ili akiulizwa aape bila uongo kwamba hajawaona. Mama hakuambiwa, kwa hofu kwamba kilio chake kingewafichua. Desemba 29 Thomas Garrett, mkuu wa stesheni wa Wilmington katika jimbo la Delaware, aliandika kwamba amekwisha kuwasafirisha, na kwamba Harriet na mwanamume mmoja viatu vilikuwa vimewaishia miguuni, akawapa dola mbili.

Porini kazi ilifanywa na sauti. Tubman akiwaacha watu vichakani kwenda kutafuta chakula, alirudi akiimba. Wimbo mmoja wa dini ukisikika mara mbili, tokeni. Wa Musa na Firauni, kaeni pale pale, kuna hatari. Tena alipenda kuondoka Jumamosi usiku, kwa kuwa tangazo la mtoro halikuweza kuchapwa gazetini kabla ya Jumatatu.

Kilichoharibu mambo mara nyingi ni domo. Machi 1849 mtumwa Henry Brown alisafirishwa ndani ya sanduku kutoka Richmond hadi Philadelphia, safari ya saa 27 hivi. Aliyepokea aligonga na kuuliza, "Salama?" Likajibu sanduku, "Salama, bwana." Habari zikatapakaa. Mwezi Mei Samuel Smith, aliyempakia Brown, alikamatwa akijaribu tena, akafungwa. Frederick Douglass, mtoro mwenyewe, alikwishalalamika tangu 1845 kwamba majigambo yanaigeuza reli hii kuwa ya peupe, na baadaye akasema bila kelele zile wengi zaidi wangetoka kwa masanduku.

Utasikia pia kwamba mablanketi ya viraka yalianikwa uani yakiwa ramani za siri. Dai hilo lilisambaa kupitia kitabu cha mwaka 1999, na wanahistoria wengi hawalikubali, kwa kuwa halimo katika masimulizi ya watoro wenyewe wala katika kumbukumbu za Still zilizochapwa 1872. Tena alama ileile yenye maana ileile majimbo yote ingehitaji maelfu ya watu waifahamu, na mmoja tu kati yao angetosha kuiuza.