Vipokezi vya kuzuia: breki ya neva

Kunja kiwiko. Msuli wa mbele ya mkono unakaza, na papo hapo ule wa nyuma unalegea. Haulegei tu: neva zinazouendesha zimeamriwa zinyamaze, na walioipokea amri hiyo ni vipokezi vya kuzuia.

Kipokezi ni protini iliyopenya utando wa seli ya neva, ikisubiri kemikali kutoka kwa seli jirani. Kwenye ubongo, kemikali kuu ya kutuliza huitwa GABA. Kwenye uti wa mgongo, glisini hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kipokezi cha GABA cha aina A kina vipande 5 vilivyojipanga duara, katikati pana tundu. GABA ikinasa, tundu hufunguka na ioni za kloridi, zenye chaji hasi, huingia. Seli iliyotulia huwa na takriban milivolti hasi 70, na ili irushe ishara sharti ipande hadi karibu hasi 55. Kloridi huivuta shati isifike huko. Aina B haina tundu lake. Hupitisha agizo ndani kwa ndani hadi milango ya potasiamu ifunguke, kwa hiyo huchelewa, ila hudumu.

Uzito wa breki huonekana ikikatika. Katika pepopunda, sumu ya bakteria huzuia GABA na glisini zisitolewe. Vipokezi ni vizima, lakini haviletewi kitu. Misuli ya mbele na ya nyuma hukaza kwa pamoja, taya hubana, mgongo hupinda kama upinde. Striknini, sumu nyingine, huleta balaa linalofanana kwa njia tofauti: glisini inatolewa vizuri, ila inakuta kiti chake kimeshakaliwa.

Mtoto akishikwa na degedege lisilokoma, mara nyingi hupewa diazepamu, hata kwa njia ya haja kubwa mshipa ukikosekana. Dawa hii haifungui tundu yenyewe. Hukaa ubavuni mwa kipokezi na kuifanya GABA ilifungue mara nyingi zaidi. Pasipo GABA, haina la kufanya. Fenobabitoni, dawa nyingine ya degedege, ni kali zaidi: hulifanya tundu likawie wazi, na dozi ikiwa kubwa hulifungua hata GABA isipokuwepo. Pombe nayo hukanyaga breki hiyohiyo. Ndiyo maana aliyekunywa pombe akaongeza vidonge vya usingizi vya aina hii anaweza kulala, pumzi ikapungua hadi ikakatika.