Karee maana yake nini, na kwa nini bibi mwenye sanduku la kanga anaielewa haraka kuliko wewe

Karee ni kitambaa cha mraba. Neno lenyewe la Kifaransa, maana yake mraba tu, pande nne sawasawa, ukitaka unaweza kuishia hapa ukaendelea na mambo yako. Ila ukisikia watu wa fasheni wanasema "mi nakusanya karee" ujue hawaongelei kitambaa chochote chenye pembe nne, wanaongelea skafu ya hariri, mara nyingi sentimita 90 kwa 90, yenye mchoro kamili kama picha ya ukutani, pindo limekunjwa kwa mkono, na mchoro una jina lake. Hilo la jina lishike, nitalirudia.

Mi nimeanza kulifuatilia hili neno kwa hasira, sio kwa mapenzi. Kuna siku nilikuwa Mtwara mjini kwenye mitumba, mama mmoja kamwaga mitandio na skafu chini kwenye turubai, chagua chagua buku jero, nikaibuka na kitambaa cha mraba chenye farasi na mikanda mikanda, kizito kidogo ukikishika, kinateleza mkononi kama maji. Nikakipenda. Shida ilikuwa pembezoni, yani pindo lake lilikuwa nene, limeviringika kama uzi mnene, na ukiangalia vizuri mishono haikuwa sawasawa, mmoja mrefu mmoja mfupi. Nikasema huyu aliyeshona hakuwa serious. Nikakipeleka kwa fundi wangu hapo mtaani nikamwambia kata hilo pindo lote, piga ovaloki, kiwe flati kama mtandio wa kawaida. Akakata. Dakika kumi kazi imeisha, nikalipa, nikaondoka na furaha yangu.

Kumbe nilichokatisha ndo ilikuwa nusu ya thamani ya kile kitambaa. Pindo la karee halipigwi na cherehani, mtu anakaa na sindano, anaviringisha ukingo kwa vidole huku anashona kwa uzi wa hariri wenye rangi ya kitambaa, pande zote nne, na lazima libaki limevimba hivyo hivyo, hata ukipiga pasi hulipitii. Ile mishono isiyolingana ndo ushahidi kwamba ni mkono wa binadamu. Hermès, kampuni ya Ufaransa, wao wanaviringisha kuja upande wa mbele, upande wa mchoro, wakati wengi wa Italia wanaviringisha kwenda nyuma, kwaiyo wakusanyaji kitu cha kwanza wanakamata ukingo wanauangalia kabla hata hawajaangalia mchoro.

Nimewataja Hermès kwa sababu wao ndo waliolifanya hili neno likawa kubwa. Ni karakana ya Paris, ilianzishwa 1837 na Thierry Hermès, na kazi yao ilikuwa vifaa vya farasi, hatamu na lijamu na mikanda, hariri ilikuwa haimo kabisa. Miaka 100 baadaye, 1937, ndo wakatoa karee ya kwanza, mchoro wa Robert Dumas ambaye alikuwa mkwe wa familia, jina lake Jeu des omnibus et dames blanches, ina magari ya abiria ya kukokotwa na farasi yanazunguka duara. Kwaiyo ukiona karee nyingi zina farasi na hatamu usishangae, wamechora walichokuwa wanauza. Ile inayojulikana kuliko zote inaitwa Brides de Gala, ya 1957, kachora Hugo Grygkar, na ni hatamu mbili za sherehe zimetazamana, basi. Hatamu tu. Na watu wanaitafuta hadi leo katika kila rangi iliyowahi kutoka.

Sasa hapa ndo nilipoenda kwa shangazi Mikindani. Nilimpelekea kile kitambaa kilichokatwa pamoja na picha za karee kwenye simu, nikawa namwelezea kama mtu anayeleta habari mpya mjini, unaona shangazi, katikati kuna mchoro mkuu, alafu pembeni kuna ukingo wenye nakshi yake, alafu jina limeandikwa humo humo kwenye kitambaa, alafu mchoro mmoja unatoka kwa rangi tofauti tofauti, na watu wanakusanya wanakumbuka kwa majina. Akanitazama. Akasema, "Mwanangu, sasa si kanga hiyo?"

Na kweli. Kanga ina pindo, ina mji pale katikati, ina jina chini. Karee ina vyote vitatu. Tofauti ni kwamba jina la kanga linamsema mtu, linamjibu jirani au linambembeleza mume, wakati jina la karee linataja tu kilichochorwa, na mara nyingi limefichwa kwenye kona au ndani ya nakshi mpaka ulitafute. Shangazi ana sanduku la doti sijui ngapi, nyingine hazijawahi kukatwa, bado zimeungana vile vile zilivyotoka dukani, na kila moja anajua jina lake, alinunua msimu gani wa korosho, na kwenye harusi ya nani zilikuwa sare. Huyo ni mkusanyaji kamili, ila hakunaga mtu aliyewahi kumwita hivyo.

Alafu kuna undugu wa zamani zaidi. Neno leso limetoka kwa Wareno, wao walikuwa wanasema lenço, kitambaa cha mraba. Na hadithi ya asili ya kanga inayosimuliwa sana pwani ni kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake walikuwa wananunua leso za mraba sita zikiwa bado jora moja, wanazikata vipande viwili vya tatu tatu, wanavishona pamoja, linapatikana vazi moja kubwa. Yani kanga ni miraba sita iliyoshikana. Kenya mpaka leo wengi wanaiita leso. Kwaiyo ukiona mzungu kavaa mraba mmoja shingoni, sisi tulikuwa tunavaa sita kwa mpigo.

Turudi kwenye kitambaa chenyewe maana watu wanaibiwa sana kwenye neno hariri. Huku kwetu kila kinachoteleza na kung'aa kinaitwa silki, na asilimia kubwa ni polista. Hariri ya kweli ni uzi wa kiwavi anayekula majani ya mforosadi, anajizungushia uzi akiwa anajiandaa kugeuka nondo, na uzi huo ni protini, kama nywele zako. Kwaiyo ukichomoa kauzi kamoja pembeni ukakachoma, hariri inanuka nywele zilizoungua na jivu lake linasagika ukiliminya, polista inayeyuka inaganda kakidonge kagumu. Usichome ukiwa mezani kwa muuzaji, nakuomba. Ukiwa kwenye mitumba angalia lebo, hata kama hujui lugha, ukiona soie ni hariri kwa Kifaransa, seta ni hariri kwa Kiitaliano, Seide kwa Kijerumani. Lebo haipo? Basi angalia ufumaji kwa karibu, karee nyingi zina vimistari vya mshazari vidogo vidogo kama vile vya jinzi, ndo vinavyoipa uzito na kuifanya ishike umbo ukiifunga. Alafu geuza nyuma, rangi inatakiwa iwe imepenya karibu sawa na mbele. Karee ya 90 ina gramu kama 65 hivi, yani nyepesi, ila ukiishika unahisi kuna kitu.

Rangi nazo zinapigwa moja moja, kila rangi ina fremu yake ya kuchapia, na mchoro mmoja unaweza kuwa na rangi 30 na zaidi, kwaiyo kitambaa kinapitiwa mara zote hizo bila kusogea hata unywele. Ndo maana bei. Mpya ya Hermès dukani ni dola mia kadhaa, ukibadilisha inapita milioni, na mi sikushawishi ununue, ada za watoto zipo. Nasema tu ujue pesa inaenda wapi. Kitu kilichonifurahisha kuliko bei ni kwamba mmoja wa wachoraji wao, Kermit Oliver, alikuwa mfanyakazi wa posta huko Waco, Texas, anachambua barua usiku, na mchoro wake unavaliwa Paris.

Sio karee zote ni Hermès, maana kuna watu wanadhani ni jina la kampuni. Gucci wa Italia wana ya maua inaitwa Flora, ya 1966, kachora Vittorio Accornero, ilitengenezwa kwa ajili ya Grace Kelly, mwigizaji wa Marekani aliyeolewa na mtawala wa Monaco. Huyo mama alikuwa na mambo na skafu, aliwahi kuumia mkono akautungika kwa karee ya Hermès badala ya bandeji, picha zikazagaa. Na Malkia Elizabeth wa Uingereza yeye aliifunga kidevuni tu, pembetatu kichwani, fundo chini ya kidevu, kama mama anayeenda shamba asubuhi. Miaka yote hiyo mtindo mmoja na hakuna aliyemwambia kapitwa na wakati.

Kuhusu kufunga, watu wanajifunza mitindo hamsini kwenye video alafu wanakwama kwa sababu hawajapiga hesabu ya urefu. Karee huifungi kwa upande wake, unaifunga kwa mshazari, kona hadi kona. Ya 90 inakupa sentimita kama 127. Ya 70 inakupa 99, ile ndogo ya 45 inakupa 64 ambayo ni shingo tu na kifundo kidogo, au mkono, au mkia wa nywele. Kama unataka ushungi unaofunika vizuri kifua, 90 itakusumbua, tafuta ya 140, hiyo inakupa karibu mita mbili. Kiunoni kama mkanda, 90 inatosha kama kiuno kinaruhusu, wengine tumeshaachana na hayo.

Mkunjo mama ni huu, unaweka kona mbili zinazotazamana zikutane katikati, unakunja tena na tena kuelekea katikati mpaka unapata utepe wa upana wa vidole vitatu. Ukiwa na huo utepe una kila kitu, shingoni na fundo pembeni, kichwani juu ya kilemba cha rangi moja, kwenye mpini wa mkoba unazungusha kama unafunga bandeji. Ukikunja pembetatu badala ya utepe, unaiweka kifuani ncha chini, kona mbili zinapita nyuma ya shingo zinarudi mbele, hiyo na shati jeupe la ofisini inatosha. Na kwa wanaothubutu, pembetatu hiyo hiyo inakuwa kiblauzi, juu shingoni chini mgongoni, ila sio ya kupita nayo barabara ya msikitini.

Sasa fundo. Hariri inateleza, ukifunga fundo la hovyo linafunguka kabla hujafika stendi. Tumia lile la mabaharia, kulia juu ya kushoto, alafu kushoto juu ya kulia, linakaa bapa na linashika. Ukirudia kulia mara mbili umekosea, litakaa mshazari na litaachia. Pini za ushungi weka mbali, zinatoboa na tundu la hariri halizibiki, tumia zile za sumaku. Na ile tabia yetu ya kutia fundo la hela kwenye pindo usiilete huku, kunyanzi lake halitoki.

Nyingine, ukipanda bodaboda ingiza ncha ndani ya nguo. Isadora Duncan, mcheza dansi maarufu wa Marekani, alikufa Nice, Ufaransa, 1927, skafu yake ndefu ya hariri ilinaswa na gurudumu la gari alilopanda. Bodaboda zetu zina cheni, sina la kuongeza.

Huku pwani adui mkubwa ni jasho na unyevu. Umetoka nayo, ianike kivulini ikauke kabla hujaikunja, jua la Mtwara linakula rangi na uzi wenyewe. Manukato pulizia mwili kwanza, subiri, ndo uvae. Kufua ni maji baridi na shampuu kidogo, sabuni ya unga nyingi zina vimeng'enya vya kula protini na wewe umeshajua hariri ni nini, jiki ndo usiisogeze kabisa. Usikamue, viringisha kwenye taulo.

Kile kitambaa changu nilimwachia shangazi kukiangalia maana yeye anashona kofia za mkono na jicho lake halidanganywi. Alipapasa ile ovaloki kwa kidole, akaguna, akaniuliza nililipa shilingi ngapi kukiharibu. Nikamwambia buku. Kwaiyo kununua buku jero, kuharibu buku. Akakikunja kwa mshazari, utepe wa vidole vitatu, bila video bila nini, akauzungusha kwenye mkono wa kikapu chake pale ukindu ulipokuwa umeanza kumchubua kiganja, akafunga lile fundo la mabaharia, akaenda zake kununua samaki.