Folda isiyoonekana haijafutwa

Birere, Goma: mwanafunzi anachomeka flashi, folda ya TFC (kazi yake ya kumaliza masomo) haipo. "Virusi vimekula yote, tufomati!" Sivyo. Mara nyingi virusi vimewasha tu alama mbili za enzi za DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows), "fichwa" (2) na "mfumo" (4), katika baiti moja ya FAT32, mpangilio wa mafaili wa flashi nyingi. Data haijaguswa. Ndiyo maana hata ukiiambia Windows ionyeshe vilivyofichwa, folda bado haionekani: yenye alama zote mbili huhesabiwa mali ya mfumo. Kwa Java, lugha ya kuandikia programu, soma alama hizo ("njia" ni Path ya folda):

Files.readAttributes(njia, DosFileAttributes.class)

isHidden() na isSystem() zikijibu true, zima:

Files.setAttribute(njia, "dos:hidden", false)

halafu "dos:system" vilevile. Vile vijia vya mkato (shortcut) vilivyoachwa na virusi, usivibofye hata kimoja, futa.