Maji ya mgao: ukishachemsha bado hujamaliza

Mgao ukianza Dar, simu ya ofisi yetu ya afya mazingira haipumziki, na nusu ya wanaopiga wanauliza maji yanatoka lini. Hilo waulizeni DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, jamani, sisi kazi yetu inaanza maji yakishafika kwenye ndoo yako.

Wengi wetu tunakunywa maji ya mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini umejengwa kutoa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu milioni 196, ila vuli ikichelewa kama ilivyokuwa 2022 mto unashuka na hayo yote hayapatikani, ndo mnasikia leo zamu ya Tabata kesho Kimara. Watu wanadhani shida ya mgao ni uhaba tu. Hapana. Bomba likiwa na presha, hata likitoboka maji yanatoka nje, likiwa tupu ndio lililoko nje linaingia ndani, na huku kwetu nje ya bomba mara nyingi ni mtaro. Kwahiyo maji yakirudi usikimbilie kukinga yale ya kwanza yenye rangi ya chai halafu ukayaweka jikoni, hayo fulia au mwagia choo, ya kunywa subiri yawe meupe, na hata yakiwa meupe bado yatibu.

Na wewe uliyefunga pampu moja kwa moja kwenye laini ya mtaa ili unyonye kabla ya jirani, unachonyonya ni pamoja na huo mtaro, na unawanyonyea na wenzako. Mamlaka ya maji wakikukuta wanakukatia laini, unaandikiwa, na kama umejiunganishia bila kibali au umeharibu miundombinu basi unaingia kwenye Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, yaani faini, au kifungo, au vyote. Usije ofisini kwangu kuomba nikuombee, hilo sio dawati langu.

Kutibu sasa. Yakitokota yale mapovu makubwa, hesabu dakika moja, yatosha, huna haja ya kumaliza mkaa nusu saa. Vidonge vya klorini navyo soma pakiti, vile vya miligramu 67 kidonge kimoja ni ndoo ya lita 20, unakoroga unafunika unasubiri dakika 30. Maji yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, tope linakula dawa. Shabu inashusha tope tu, haiui vijidudu, hili nimelisema mpaka nimechoka. Simtanki ya lita 1000 ingekula vidonge 50, nani ana hela hiyo, kwahiyo tibu ya kunywa peke yake, familia ya watu watano ndoo moja kwa siku inawatosha.

Kuna mama alinionyesha maji amechemsha vizuri kabisa, halafu kayamimina kwenye ndoo iliyokaa wazi, kata inaelea humo humo, mtoto katoka kucheza kachota na mkono wote mpaka kiwiko. Moto wote ule bure. Maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote, kijidudu kikiingia kinajipatia makazi, ya dawa angalau klorini inabaki kidogo inalinda. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, au dumu lenye mdomo mdogo, mimina usichovye. Na hiyo harufu ya dawa mnayoilalamikia ndio dalili kwamba maji yana ulinzi! Ikikukera hamisha maji mara mbili tatu kati ya vyombo safi viwili inapungua. Na dawa haipunguzi nguvu za kiume kama mnavyoambiana, tafadhali.

Maji ya kisima ya Mbagala na kwingineko yenye chumvi, kuchemsha hakutoi chumvi. Ya boza nunua kwenye gari lililosajiliwa na udai risiti, maana ukiumwa bila risiti mimi nitamfuata nani?

Mtu akianza kuharisha kama maji ya mchele usimsubirishe asubuhi, mpe ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini (pakiti moja lita moja ya maji salama) huku mnaelekea kituoni.

Kuhusu kupima maji, hapa naomba mnisikilize vizuri kwasababu kila siku nafukuza watu na chupa za soda. Chupa uliyosuuza bombani haipimiki. Sisi tuna chupa iliyochemshwa kwa mvuke, ndani ina kemikali ya kuizima klorini ili isiendelee kuua vijidudu njiani, mchukuaji anaunguza koki kwa moto kwanza, anaacha maji yatiririke, anakinga bila kugusa mdomo wa chupa, anaandika saa na mahali, inaingia kwenye boksi la barafu na inatakiwa ifike maabara ndani ya saa 24, mapema zaidi ndio vizuri. Huko vijidudu vinaoteshwa kwanza ndio vionekane, kwahiyo majibu sio ya siku hiyo hiyo. Kinachotakiwa ni E. koli, kijidudu cha kinyesi, sifuri kwenye mililita 100, sio "chache".

Wewe unaanzia kwa afisa afya wa kata au serikali ya mtaa, unasema chanzo ni kipi na wangapi wanaumwa. Tukikuta chanzo ni jirani anayetapisha choo, yaani anafungulia uchafu utiririke, mvua ikinyesha, Sheria ya Afya ya Umma ya 2009 inaturuhusu kuingia na kukagua, anapewa notisi ya maandishi, akipuuza anapelekwa mahakamani. Jina la mlalamikaji halisomwi pale mtaani. Ila usipige simu kusema "kuna mtu anatapisha" ukakata, tutampata vipi, taja mtaa na nyumba.