Goti halijui kwamba Jumapili imefika

Papa mmoja wa makamo, mtu wa hesabu ofisini, alianguka na kinga kwenye njia ya Kipushi. Kwa msomaji wa mbali: hapa Lubumbashi baiskeli tunaiita kinga, na mwanamume mtu mzima tunamwita papa. Alikuwa anakwepa shimo. Breki ya nyuma ilikuwa imelegea, akabana ya mbele peke yake, akaruka juu ya usukani. Goti la kulia likachubuka, kiganja kikaparuza changarawe, kofia haikuguswa. Siku nne baadaye akaniambia kwa simu: "Mama kine, nilishapona, haiumi tena." Jumapili iliyofuata akaenda na wenzake mpaka Kipushi na kurudi, kama kilomita 60. Jumatatu aliingia kwangu akishikilia ukuta.

Mimi ni mtu wa kineziterapia, yaani natibu viungo kwa mazoezi, ndiyo hiyo "kine", na ajali ndogo hunipa kazi kuliko kubwa. Aliyevunjika paja hakuna anayemshawishi apande kinga wiki ijayo. Aliyechubuka goti hushawishiwa na kila mtu, akianza na yeye mwenyewe.

Kosa lake lilikuwa kuuliza maumivu peke yake. Maumivu ya kuanguka hupungua siku chache tu, lakini kano zilizovutika hujijenga kwa majuma kadhaa. Na goti lina ujanja wake. Likijaa majimaji ndani, hata kidogo, neva zake hutuma habari inayozima misuli ya mbele ya paja. Watafiti waliwahi kuwatia watu wazima majimaji ya chumvi gotini, watu wasio na jeraha lolote, na misuli hiyo ikalegea palepale. Kwa hiyo unaweza kusikia nafuu na huku paja linafanya kazi nusu. Sasa piga hesabu: ukizungusha pedali mara 70 kwa dakika, kila goti hukunjwa mara 4,200 kwa saa. Misuli iliyozimika haishiki pia ya goti vizuri, na kila mzunguko unaongeza uchokozi kidogo.

Ndiyo maana siwaulizi wagonjwa "inauma?" tu. Nawaambia waamke asubuhi, wakae kitandani miguu imenyooka, waangalie vile vishimo viwili vya kando ya pia ya goti. Mguu mzima unavyo. Mguu mgonjwa vikiwa vimejaa na kuwa laini, jana ulizidisha, hata kama jana ulijisikia shujaa. Kisha inua huo mguu mgonjwa ukiwa umenyooka: goti likikunjika kidogo wakati unainua, paja bado halijaamka. Wakati wa mazoezi maumivu ya 2 au 3 kwa 10 nayakubali, ilimradi kesho asubuhi goti liwe lilivyokuwa kabla. Hukumu inatolewa na goti la kesho.

Kiganja chake ndicho kilichonitia wasiwasi zaidi, ingawa yeye alikuwa amekisahau. Inua kidole gumba juu kabisa, utaona kishimo chini yake, upande wa kifundo cha mkono. Humo ndani kuna mfupa mdogo, skafoidi. Anayeanguka akitanguliza mkono huweza kuuvunja bila mkono kuvimba sana, na picha ya radio (eksirei) ya siku ya kwanza inaweza kuonyesha mfupa mzima kumbe una ufa. Damu yake huingilia upande mmoja zaidi, kwa hiyo ukiachwa bila kufungwa kipande cha ndani kinaweza kufa. Nilibonyeza pale, akaruka kitini. Tukamfunga kifundo pamoja na gumba, akarudia radio siku ya 12. Haukuwa umevunjika, namshukuru Mungu. Lakini ukibonyezwa pale ukaruka, usikubali kuambiwa ni msuli tu, na usikubali mtu akuvute mkono "kuurudisha".

Kuhusu kuvuta na kukanda: siku mbili tatu za kwanza usikande kwa maji moto. Najua mama mkwe atasema vingine. Na barafu? Daktari Gabe Mirkin wa Marekani ndiye aliyeeneza mwaka 1978 ule ushauri wa kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vinachelewesha uponaji. Mimi naikubali dakika 10 za kutuliza maumivu, umeme wenyewe ukiwa umekubali kugandisha maji. Zaidi ya hapo, afadhali tembea polepole kwenye ardhi tambarare.

Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni mpaka vumbi jekundu litoke lote, kifunikwe. Kama kiliingia uchafu na sindano yako ya mwisho ya pepopunda imepita miaka 5, nenda ukachomwe.

Papa wangu tulimrudisha hivi. Juma la kwanza kutembea, kuinua mguu, kukaa na kusimama kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono. Goti lilipokunjika vya kutosha kuzungusha pedali, nikapandisha kiti chake: weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke, halafu ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Kiti kilicho chini sana ndicho adui wa goti, na kinga nyingi za mjini hapa zina kiti cha kuazima. Akaanza dakika 15 bila mlima, siku moja kupanda, siku moja kuacha, akiongeza dakika 5 asubuhi inapomruhusu. Alinung'unika kwamba pumzi yake ingali nzuri. Ndiyo, na hapo ndipo mtego ulipo: majuma mawili hayaharibu moyo sana, na pumzi hurudi upesi kuliko kano. Mapafu yanakuita Kipushi, goti bado liko Bel-Air, mtaa wa hapa hapa mjini.

Wenye shida ya kweli ni wale wanaoleta makala (makaa ya kupikia) mjini, magunia yamepangwa nyuma mpaka yanazidi kichwa. Mmoja alikuja na goti kama lile. Kumwambia apumzike majuma matatu ni kumwambia watoto wasile bukari, ugali wetu. Tulikubaliana gunia moja badala ya matatu, akitembea na kusukuma kinga kwenye miinuko bila kupanda, na kusukuma akiwa upande wa mguu mzima. Alipona taratibu kuliko papa wa hesabu, lakini alipona.

Waliogonga kichwa siwahesabu humu. Kichwa kikiuma zaidi kila saa, ukitapika au ukichanganya maneno, ni hospitali siku hiyohiyo, na kinga iachwe ilipo.

Papa alinitumia picha juzi asubuhi: magoti mawili kitandani, vishimo vinne vinaonekana. Nimemruhusu kilomita 20 Jumapili hii. Nilipomuuliza breki ya nyuma, akasema ataitengeneza akirudi. Nimeifuta ruhusa mpaka niione hiyo breki.